Majivu Mlangoni kwa Zipora

Tinde, Jumatatu, 7 Juni 1954
Leo nimeanza upelelezi! Mke wangu Zipora ni mzuri mno, na mimi, bila kujisifu, ndiye kijana mtanashati kuliko wote hapa, tena wa darasa la nne, kasoro mtihani tu. Wanaume wananionea wivu. Hasa Athanas, fundi cherehani wa barazani kwa Liaquat mwenye duka. Jana kamwambia Zipora gauni limemkaa. Limemkaa! Basi nimemwaga majivu mlangoni, nikayasawazisha kwa kiganja. Atakayeingia ataacha nyayo. Akili hii shuleni hawafundishi.

Jumanne, 8 Juni
Nimetoroka kwenye mizani ya pamba mara tatu kwenda kukagua majivu. Mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, nyayo! Za makatambuga ya tairi la lori, kama haya yangu mapya. Mara ya tatu zimeongezeka! Zipora kasema ni zangu mwenyewe. Nikamcheka. Mimi niko kazini, nyayo zangu zije nyumbani kufanya nini? Nikamfuata Athanas, nikamwaga maneno mbele ya wateja. Kanyanyua miguu: peku. Mjanja, kayaficha!

Jumatano, 9 Juni
Zipora kaondoka! Kaenda kwa baba yake, Ibadakuli. Nimekula kiporo peke yangu. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Ijumaa, 11 Juni
Nimemfuata, pamoja na shangazi Bernadina wa kunisemea, maana mkwe hajisemei. Tumeketi chini. Shangazi kanisifu vizuri, ila kasahau urefu wangu. Mara Zipora katoka jikoni na majivu, kayatandaza mbele ya baba yake, Mzee Donatus, kaniambia nikanyage. Nikakanyaga. Alama nzuri kweli!

“Ndiyo hizo hizo, baba,” kasema Zipora. “Kila akija kukagua anakanyaga, kisha ananiuliza ni nani. Ananichunga kama mbuzi mwizi. Nimechoka.”

Shangazi kajifunika uso kwa kanga. Mzee kanigeukia.

“Mkwe, majivu yakimwagwa tena mlangoni kwa mwanangu, njoo uchukue ng'ombe wako. Yeye atabaki hapa.”

Nikaapa: majivu basi! Zipora katabasamu kidogo. Moyo ukaruka! Kumbe Athanas kanunua makatambuga kama yangu. Anaiga kila kitu.

Jumapili, 13 Juni
Tumerudi jana. Leo Zipora anatwanga huku anaimba. Anaimba! Kwa nini? Majivu sigusi, mimi ni mtu wa kiapo. Ila unga wa mtama sikuuapia! Alipokwenda kisimani nimeunyunyiza kidogo tu. Nimerudi, nyayo hizo! Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Jogoo! Na mtaani kwetu anayefuga jogoo ni nani? Athanas!

Zipora naye kauona unga. Sasa anakunja kanga zake zote, moja moja, anazipanga kwenye kikapu. Mke nadhifu namna hii! Nimebahatika.