Besi Mpaka Kifuani kwa Mama

Jumatano, 7 Mei

Amplifaya, mashine ya kukuza sauti ya redio ya gari, imefika salama hapa kwetu Espanyola. Nimeifunga mwenyewe kwenye buti ya gari langu, Monte Carlo, karibu na spika za besi. Kitabu cha maelezo ni cha watu wasio na masikio. Nimekisukumia chini ya mguu wa ile meza ya jikoni inayoyumba.

Jumapili ni Siku ya Kina Mama. Mama ana miaka themanini na moja na masikio yamekuwa mazito. Juzi, tukiwa katikati ya kula posole, mchuzi wetu wa mahindi na nyama, alitangaza kwamba anataka kumsikia tena marehemu baba kwenye kanda yake ya zamani. Baba alipiga gitaa la besi kwenye dansi zote za bonde hili. Mama atakwenda kanisani na gari litakalomsikilizisha besi hiyo: langu, au Impala ya shemeji Delfino, mume wa dada yangu. Delfino akaniuliza kama gari langu lina hata honi.

Tutaona.

Vitufe vya kuzungusha ni vitatu. Kimoja kimeandikwa geini: hiyo ni nguvu. Mpaka mwisho. Cha kuchuja sauti, juu kabisa, tusibague sauti ya mtu. Cha kuongeza besi, sihitaji hata kueleza. Kuna na swichi ndogo yenye sufuri na 180, na kiduara juu yake. Digrii za joto. Nimeiweka sufuri ibaki baridi.

Alhamisi, 8 Mei

Maajabu. Nikikaa kwenye usukani, besi hakuna, mkwaruzo tu kama mtu anachana bati. Nikisimama nyuma ya buti, suruali inacheza yenyewe. Mama Pacheco, jirani wa ng'ambo ya barabara, akaja kusema sahani ya bibi yake imedondoka ukutani. Nikamshukuru. Akasema hakuja kunisifu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimempelekea Delfino tamale, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda. Alipoingia ndani kutafuta sahani, nikafungua buti yake na kuchora vitufe vyake vyote kwenye kiganja changu. Akanikuta nimeinama humo. Nikasema natafuta barafu. Akasema kwao barafu hukaa kwenye friji, lakini kila nyumba na desturi zake.

Geini yake iko robo tu! Maskini, anaogopa mashine yake. Nyumbani nikafuata mchoro, ila geini nikaizidisha mara tatu, kwa sababu mimi ni Delfino watatu.

Dakika kumi za ngurumo. Halafu taa nyekundu, harufu ya waya, kimya.

Jumamosi, 10 Mei

Sijanywa hata kahawa. Nimeua amplifaya, na pamoja nayo nimemuua baba mara ya pili. Nikamwambia mke wangu Zoraida ukweli, karibu wote.

Akakivuta kitabu chini ya meza. Chai ikamwagika. Akasoma, akasema haijafa, imejizima kujilinda na joto, ikipoa itaamka. Tukaiwasha. Ikaamka. Nikakaa chini kwenye changarawe.

Mama akaletwa akakaa kiti cha mbele. Delfino naye akaja kushuhudia aibu. Zoraida akatia kanda ya baba, akarudisha kila kitufe sufuri. Redio robo tatu, kisha geini polepole mpaka sauti ianze kupasuka, kisha nyuma kidogo. Akasema geini si sauti. Ni mdomo wa chupa: uulinganishe na mtungi unaomimina, yaani redio, na redio ya Delfino si yako. Nikaficha kiganja. Cha kuchuja akakiweka themanini, ili spika za nyuma zibaki na sauti nzito peke yake.

Alipogusa ile swichi nikamzuia, itachemka. Akasema hiyo si ya joto, bwana, ni ya mwelekeo. Spika za mlangoni zinasukuma wakati za nyuma zinavuta, besi inafia katikati, palepale kwenye kiti. Kama wewe na Delfino mkihamisha sofa.

Akaisukuma kwenye 180.

Mama akaweka kiganja kifuani. Akasema ndiye huyo, ameingia kwenye wimbo kachelewa, kama kawaida yake.

Delfino akavua kofia na kukohoa.

Jumapili, 11 Mei

Mama alipanda langu. Njia nzima mkono ulikuwa kifuani, kidole kikihesabu. Delfino alitufuata nyuma, redio yake kaizima, bila kuambiwa. Moyo wangu mwepesi kama unyoya. Kanisani Mama akawaambia wote kwamba mwanawe ndiye fundi. Mimi ni nani nimpinge mama siku yake?

Jumatatu, 12 Mei

Nimelala kama gogo. Delfino ameomba nimtazamie Impala. Nimekubali, bure kabisa, familia ni familia.

Lakini kuna jambo. Zoraida amekiacha kile kitufe cha kuongeza besi sufuri. Kitufe kizima, kizuri, kimekaa tu wakati wenzake wanafanya kazi. Mimi sifugi wavivu. Nimekizungusha mpaka mwisho. Zoraida yuko sokoni, akirudi atanishukuru.