Kopo Linaloita Mvua Mjini Same

Barazani pa duka la Mzee Chande,
Same, Upare.
Jumatatu, 22 Novemba 1937

Kwa Bwana Mkubwa Msimamizi wa Mvua.

Bwana Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mkavu. Mimi mzima kidogo. Ukavu ndio sina, na kuukosa huko ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Jina langu ni Tumainieli, fundi cherehani, mtu wa Vudee, huko milimani, kwa kuzaliwa na wa Same kwa makazi. Sijawahi kuisumbua serikali. Mwezi wa tano, zilipofanywa sherehe za Mfalme, nilishona bendera ishirini na nne, na zote zilipepea vizuri, hata ile moja niliyoishona kichwa chini. Nataja hayo ili ujue unaandikiwa na raia mwema, wala si mtu wa kelele.

Nalalamikia hali ya hewa ya wiki iliyopita. Sijui kama mvua ina msimamizi, lakini karani wenu Simeoni aliniambia kuwa kila mwezi hupeleka hesabu yake kwa mkubwa fulani. Nikasema, basi kama kuna anayepelekewa hesabu, huyo ndiye mwenye mali.

Bwana Mkubwa, tatizo ni lile kopo. Mwaka jana mlisimamisha kopo la shaba kwenye uwanja ulio nyuma ya stesheni, mkalizungushia ua. Lina mdomo kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa, na ndani yake kuna chupa. Kila asubuhi saa tatu Simeoni hulifungua, humimina maji katika bilauri yenye mistari, huandika daftarini, kisha (shika hapa, Bwana Mkubwa) huyamwaga. Huyamwaga kwenye shina la mpapai wake. Nimeuona mpapai huo kwa macho yangu. Mapapai yake yamekuwa makubwa kuliko kichwa cha Simeoni, na kichwa cha Simeoni si kidogo.

Huenda wewe si mwenyeji wa milimani, kwa hiyo nieleze. Kwetu tuna ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji. Jioni huzibwa, usiku hujaa, asubuhi huzibuliwa, na maji huenda shambani kwa mwenye zamu. Mimi nilikuwa mwangalizi wa ndiva ya Vudee kwa miaka saba, na jambo moja nalijua kama ninavyojua kutunga uzi: ndiva ukiizibua, itajaa tena. Usipoizibua, maji hukuta imejaa, yakatafuta njia nyingine. Sasa mtu anayezibua kopo la mbingu kila siku saa tatu, tena bila kuuliza leo ni zamu ya nani, anategemea nini? Anaita mvua. Hakuna maelezo mengine. Nilimweleza Simeoni hayo kwa upole, akasema ana kazi.

Nisingeyaandika haya kama yangenigusa mimi peke yangu. Mke wangu, Eliwaza, amerudi kwa mama yake Vudee. Aliondoka Ijumaa ya wiki juzi na mto wake wa kulalia kichwani, akipita katikati ya mji watu wakimtazama. Anasema nyumba yetu inavuja upande wake wa kitanda. Mimi nimemweleza kwa miaka kumi na mmoja kwamba ule ni umande. Ameapa hatarudi mpaka nikiri kwa kinywa changu, mbele ya shahidi, kwamba paa linavuja. Nami siwezi kukiri jambo lisilo kweli. Nyumba yangu haivuji, Bwana Mkubwa. Ni mvua tu inayoingia.

Hata hivyo mimi ni mtu wa amani, na bila Eliwaza nyumba imenishinda. Nilikula uji siku mbili mfululizo, wa pili ukiwa ni ule wa kwanza. Nikaamua niezeke paa upya, si kwa sababu linavuja, bali kwa urembo, ili arudi bila mtu yeyote kukiri chochote. Wiki moja kavu ingetosha. Hebu tazama nilichopewa:

1. Jumatatu palipambazuka na mawingu meusi, mazito, yamekaa juu ya Same kama wageni wasiotaka kuaga. Kwa busara nikawaambia mafundi wangu wa kuezeka wasije. Wingu lile lilikaa kutwa nzima na halikudondosha hata tone. Kama lilikuwa halina nia, kwa nini lilikuja?

2. Jioni mbingu zikasafika, nyota zikaonekana, nikaomba ipigwe pembe ya msaragambo. Pembe hiyo ikilia jioni, watu wote wa kwetu waishio hapa hujua kesho kuna kazi ya pamoja. Jumanne wakaja kumi na watano. Nilikuwa nimepika makande ya kuwatosha, mwenyewe, kwa mkono wangu. Melkizedeki, mmoja wa mafundi wangu, alipoweka mguu wa kwanza kwenye ngazi, mvua ikashuka. Sisemi ilinyesha, nasema ilishuka, kama iliyokuwa imejificha nyuma ya nyumba ikimsubiri. Wote kumi na watano wakaingia ndani, wakala makande yote, na wakawa wanahamahama na sahani zao kukwepa umande. Saa nane jua likatoka. Wakasema wameshiba mno kupanda juu.

3. Jumatano tulipata hali ya hewa nne kabla ya adhuhuri. Ukungu ulishuka kutoka mlima Shengena, watu wakavaa mablanketi. Likafuata jua la kukausha ulimi. Ukaja upepo kutoka nyikani ukatia vumbi katika kila kitu, pamoja na masikio yangu. Kisha manyunyu yakaligeuza vumbi lile kuwa tope, nikiwa bado nalo masikioni. Mteja wangu mmoja, karani wa tiketi, aliniletea koti asubuhi nilitie bitana. Saa nne akarudi akataka nikate mikono. Saa sita akataka mikono irudishwe. Nilimrudishia, lakini kwa haraka ile mkono wa kushoto ukakaa kulia, na mpaka leo bwana yule akikata tiketi utadhani anamwita mtu aliye nyuma yake.

4. Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka magharibi. Sina la kuongeza juu ya Alhamisi.

5. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, nami naomba ulisome ukiwa umekaa. Kuezeka nyumba kunataka mafundi watatu kwa pamoja: Mbaraka hupanga fito, Nathanaeli hurusha matita ya nyasi juu, na Melkizedeki hukaa kileleni akifunga. Mmoja akikosekana, wawili hutazamana tu. Ijumaa mchana jua liliwaka vizuri sana, la kuanikia mpunga, na Mbaraka alikuwa msikitini. Jumamosi liliwaka zaidi, na Melkizedeki ni Msabato, siku hiyo hagusi hata sindano. Jumapili ndiyo usiseme, mbingu zilikuwa buluu kama shati la shule, na Nathanaeli alipanda Vudee alfajiri kwenda kanisani kwao. Siku tatu za jua, dini tatu, paa moja. Wala usidhani jua lile lilidumu. Kila siku kati ya hizo, watu walipotoka kwenye ibada zao na kuanza kutafuta ngazi, mvua ya jioni ilirudi. Mvua isiyo na mwenye kuielekeza ingewezaje kuzijua kalenda za watu wote watatu? Nauliza tu.

6. Nasikia pia kwamba tangu Ijumaa asubuhi kopo halionekani mahali pake. Sina habari yoyote juu ya jambo hilo. Nalitaja kwa sababu tangu lilipotoweka mvua imepungua sana, ukiondoa ile ya Ijumaa jioni, na ya Jumamosi jioni, na ya jana, na hivyo hoja yangu imethibitika.

7. Simeoni, alipolikosa kopo, ameandika sifuri siku zote tatu. Nilimwona Jumamosi jioni, siku ile ile aliyoandika sifuri, akirudi kwake amelowa mpaka soksi. Huku ni kutudharau tulioloa.

Kwa hiyo, Bwana Mkubwa, maombi yangu ni machache na yanatekelezeka. Kwanza, kopo likipatikana, lisimwagwe tena. Lijae, lifunikwe, mvua ikute nafasi hakuna iende zake. Pili, kama ni lazima limwagwe, basi pawepo na zamu kama kwenye ndiva, na orodha ibandikwe stesheni. Mwenye kupanda apewe siku yake ya mvua, mwenye kuezeka apewe yake ya jua, na mimi niwe wa kwanza kwa kuwa ndiye niliyetoa wazo. Tatu, mvua yote inayozidi ipelekwe Ndungu. Wale wana mpunga, hawawezi kusema imetosha. Nne, vuli iwekewe ratiba kama gari moshi. Gari moshi nalo huchelewa, lakini angalau linapochelewa mtu husimama stesheni akajua anachokisubiri. Tano, kama mambo hayo yote ni magumu, basi uandike cheti kifupi, chenye muhuri, kinachosema kwamba yale maji katika kitanda changu ni umande. Nitakipeleka Vudee mwenyewe kwa miguu. Kwa kweli hili la tano likikubaliwa, mengine manne nayasamehe.

Nisalimie wote walio ofisini mwako, wakubwa kwa wadogo, na wenzako wanaosimamia upepo na jua kama wapo. Msalimie na Simeoni, sina ugomvi naye, na mapapai yake yakiiva anikumbuke. Mzee Chande, ambaye barazani kwake naandikia, anakusalimu na kukukumbusha kwamba ana miavuli.

Ni mimi raia wako niliyelowa,
Tumainieli, fundi cherehani

Baada ya sahihi: Bwana Mkubwa, nilikuwa nimerudi nyumbani kutafuta gundi ya kufungia bahasha, Eliwaza akaingia. Amekuja na mto wake kichwani na mkungu wa ndizi. Ameisoma barua hii yote akiwa amesimama, na hajaipenda. Mimi nilitaka kuichana, yeye amekataa. Anasema iende kama ilivyo, ila niongeze ukweli chini, naye ataketi hapa mpaka nimalize.

Ukweli ni huu. Kopo ninalo mimi. Nililiazima Ijumaa alfajiri, pamoja na bilauri yake, kabla Simeoni hajaamka, kwa nia njema. Niliwaza hivi: Eliwaza hasadiki maneno yangu, lakini kipimo cha serikali hakibishaniki. Nikaliweka kitandani upande wangu. Mvua ya Ijumaa jioni ilipokatika nikamimina katika bilauri: sifuri. Nikafurahi mno. Jumamosi nikaliweka upande wake ili nipate sifuri ya pili niimalize kesi. Bilauri ikasoma inchi moja na robo.

Nilidhani nimekosea kusoma. Nikamwita Nathanaeli, anayejua tarakimu, naye akasoma inchi moja na robo. Bwana Mkubwa, miaka kumi na mmoja. Nilikaa ukingoni mwa kitanda kile na kujaribu kuhesabu ni inchi ngapi mwanamke huyu amelalia huku namwambia umande, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata kwa lile koti. Nikaandika kwenye karatasi: "Paa linavuja. Upande wako. Inchi moja na robo. Mimi Tumainieli." Nathanaeli akatia sahihi kama shahidi, na jana akaipeleka Vudee alipokwenda kanisani. Ndiyo maana amerudi.

Kuhusu ile hoja yangu ya ndiva, Eliwaza amelijaza kopo maji na kulimwaga mara tatu mchana huu, makusudi, huku nikimtazama. Jua linawaka vilevile. Anasema lililoita mvua ndani ya nyumba yake si kopo, ni uvivu wangu, na ananitaka niliandike neno hilo kama alivyolisema. Nimeliandika.

Naambatanisha hesabu za siku hizo ili Simeoni asahihishe daftari lake, ila ajue ni za chumbani. Kopo lenyewe tunaomba tukae nalo mpaka kesho. Mafundi wote watatu wamekubali kuja, na kesho ni Jumanne, siku isiyo ya dini ya mtu. Eliwaza amesema tusipige pembe wala tusitazame mawingu, tupande tu.

Lakini paa ni la kesho, na mawingu yameanza kukusanyika Shengena. Tumebadilishana pande. Usiku wa leo mimi ndiye nitakayelala upande wa inchi moja na robo.