Chumba cha Utulivu Chazinduliwa kwa Matarumbeta

Ndugu wananchi, kabla sijafungua kinywa rasmi, naomba msimame. Asanteni. Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, na kwa heshima na taadhima, nautangazia umma huu kwamba mkasi wa kukatia utepe, ambao tangu asubuhi ulikuwa haujulikani uliko, na ambao iliundwa kamati ndogo ya kuutafuta, umepatikana. (Makofi. Tarumbeta moja.) Umepatikana mfukoni mwa mwenyekiti wa kamati hiyo ndogo. (Kicheko.) Kaeni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye alitakiwa awe mimi pia lakini nikasema jamani, mtu mmoja ana makalio mangapi ya kukalia viti vyote hivi, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mkurugenzi, Mwalimu Mkuu na walimu wako wote, wa darasani na wa kivulini, viongozi wa dini, mliofika mapema kuliko chakula, wapiga tarumbeta wetu mahiri, wazazi, na ninyi watoto, ambao ndio walengwa wakuu wa mradi huu na kwa sababu hiyo tumewaketisha nyuma kabisa, juani, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa nimemsahau asinune, mimi mwenyewe mke wangu hunisahau sokoni. (Kicheko. Makofi.)

Leo tunazindua Chumba cha Utulivu, yaani mahali ambapo mtoto mwenye usonji, dunia inapomzidi kwa makelele, ataingia, atafunga mlango, atapumua, kisha atarudi darasani na akili zake zilezile alizokuja nazo, ambazo kwa taarifa nilizo nazo ni nyingi kuliko zangu. Mradi huu, ndugu zangu, ni zao la mchakato shirikishi, jumuishi, endelevu na wenye mashiko, uliopitia hatua ya dhana, hatua ya andiko la dhana, hatua ya semina ya kulijadili andiko la dhana, na hatua ya ziara ya mafunzo katika hoteli moja tulivu mno, ambako sisi mastekiholda tulijifungia tukafanyiana kapasiti bildingi mpaka wengine tukasinzia, nami nilikuwa wa kwanza. (Makofi.) Matokeo yake ni rodimapu ambayo, kwa mujibu wa tafiti zetu, inaungwa mkono na asilimia mia moja na nne ya wazazi wote tuliowahoji...

(Sauti ya msichana, mstari wa mbele, kwenye viti vya wazazi: “Haiwezi kuzidi mia.”)

Nani huyo?

(Mama aliye kando yake: “Ni binti yangu, Mheshimiwa. Samahani.”)

Usiniombe radhi, mama, hesabu ndiyo iniombe radhi mimi. Kwa wasiomfahamu, huyu ni binti wa darasa la saba ambaye wenzake wamempa jina la Mkaguzi, kwa maana akiliona kosa halinyamazii hata likiwa limevaa tai. Na huyu ni mama yake, fundi cherehani, aliyenishonea suruali hii kabla tumbo langu halijapandishwa cheo. (Kicheko.) Ni kwa ajili ya familia hii na nyingine mfano wake tumekusanyika. Shule hii, mtakumbuka, ilifungiwa king'ora badala ya kengele, chombo cha kisasa ambacho kikilia hata marehemu hugeuka upande. Kikilia, Mkaguzi huziba masikio, hupiga kelele, na mara mbili ametoka mbio mpaka barabara ya malori. Mwalimu Mkuu, kwa busara zake za kiutawala, akamwita mama akamweleza: ama chumba cha utulivu kipatikane kabla ya Jumatatu, ama binti akae nyumbani. Basi mama, fumba macho, fumbua! Mlango ule pale, umepakwa rangi ya samawati, umefungwa utepe! Kikundi, pigeni!

(Matarumbeta yanapiga kwa muda mrefu. Vipaza sauti vinapiga mluzi. Mkaguzi ameziba masikio na kuinama mpaka magotini. Mama amemfunika kichwa kwa kanga.)

Safi sana! Ongezeni sauti kidogo, wa nyuma nao wafaidi utulivu. (Mluzi.) Ndani ya chumba hicho, ndugu wananchi, mtakuwa na zulia nene, mito, mapazia mazito, na taa ya kupunguzwa mwanga, nasi hatutaishia hapo, kwani awamu ijayo itaingia mpaka majumbani, kila mzazi atapatiwa mwongozo, kila mwalimu atapatiwa semina, kila semina itapatiwa chai, na ugonjwa huu nawahakikishieni tutautokomeza...

(Mama: “Si ugonjwa, Mheshimiwa. Ndivyo alivyo.”)

Nimesahihishwa. Familia hii, mtoto wa nyoka ni nyoka! (Kicheko. Mluzi mkali kuliko yote. Mkaguzi anainuka, viganja masikioni, anapanda jukwaani, anashusha mkono mmoja, anachomoa waya mnene nyuma ya spika. Mluzi unakatika. Mlinzi anamkimbilia.)

Mlinzi, mwache. Mwache, nimesema! Unamkimbiza mtoto kwa sababu gani, amekuibia kelele?

Mnanisikia huko nyuma? (“Hatusikii!”) Basi sogeeni. Njooni na viti vyenu. Watoto, tokeni juani, piteni mbele, kaeni hapa miguuni pangu, msiogope, viatu hivi ni vya kuazima. Enyi wa tarumbeta, pumzikeni, mmefanya kazi ya watu kumi na hasara ya watu ishirini. (Kicheko. Watu wanasogea.)

Haya. Hii ndiyo sauti yangu, ndiyo anayoijua mke wangu. Mnaona shida yake? Kwa sauti hii siwezi kusema “mchakato shirikishi na wenye mashiko”. Nikisema, huyu bwana aliyekaa hapa ataniuliza, ndiyo nini hiyo?

(Bwana aliyekaa hapo: “Nilikuwa nataka kuuliza tangu mwanzo.”)

Umeona.

(Mama: “Mheshimiwa, basi tufungue mlango, mtoto akione chumba chake. Amekingoja.”)

Ngoja kwanza, mama. Nitoe shukrani.

Namshukuru fundi seremala. Simama, fundi, wakuone. (Makofi machache.) Mlango ule ni wa mti mgumu, bawaba zake hazilii, kitasa chake kinazunguka kama kimepakwa siagi. Fundi huyu, akiwa anaupachika, aliniuliza: “Mzee, upande wa pili kuna nini?” Nikamjibu: “Kuna awamu ya pili.” (Kicheko. Kinakatika.) Namshukuru kwa kuwa hakuniuliza tena. Maana upande wa pili, ndugu zangu, kuna ukuta wa darasa la tano. Mlango umepachikwa juu ya matofali. Ukiufungua unaupiga ukuta busu.

(Sauti: “Unatania!”)

Natamani. Mimi hutania sana, lakini hapana.

(Mkaguzi, akitokea nyuma ya jengo: “Kweli. Nimezunguka nyuma. Hakuna chumba.”)

Mmemsikia mkaguzi pekee aliyewahi kuukagua mradi huu. (Miguno. Sauti: “Sasa mnakata utepe wa nini?” Sauti nyingine: “Mwongo mkubwa!”) Mwongo wa kati tu, bwana, wakubwa hawakuweza kuja. Lakini una haki. Nieleze ilivyokuwa.

Nia ilikuwepo, naapa. Kikao cha kwanza tulizungumza kuhusu chumba. Cha pili tukazungumza chumba kiitweje, na hapo tukagombana: wako waliotaka “Utulivu”, wako waliotaka “Amani”, na mmoja alitaka kiitwe jina la marehemu baba yake. Baada ya hapo kila kikao kilizaa kikao, kama sungura. Hakuna aliyekula njama, msitusifu kiasi hicho. Tulikuwa tunakwenda mbio sana, ila hakuna aliyekuwa ameshika tofali. Halafu wiki hii wakubwa wa juu wakataka picha ya uzinduzi. Nikawaambia chumba hakipo. Wakaniambia, hatujakuomba chumba, tumekuomba picha. Pale pale ningevuka barabara nije kwako, mama, kwenye cherehani yako, nikwambie. Nikaona haya. Nikaagiza matarumbeta.

(Mama anasimama: “Mheshimiwa, maneno yako nimeyasikia na haya zako nimeziona. Mimi nauliza Jumatatu. Huyu mtoto hawezi kushtukizwa. Nimembandikia picha ukutani jikoni, kila asubuhi tunazipitia kwa kidole: uji, sare, barabara, shule. Na chumba chake nimeshakichora, kwa sababu ulisema kipo. Nikikibandua nimwambie kimeyeyuka, ni wewe utakayekaa naye siku nzima? Nambie tu, anakuja shule au haji?”)

Mwalimu Mkuu, njoo hapa karibu. King'ora kile, ni lazima?

(Mwalimu Mkuu: “Ni agizo la ofisi yako, Mheshimiwa.”)

Aa. Kumbe adui yangu ninamvalisha tai kila asubuhi. Basi ofisi yangu inaagiza kinyume. Kizimwe leo. Kipindi kikiisha, wanafunzi wa zamu wapite mlangoni waseme, mwalimu, muda umeisha. Na mwalimu atanyamaza, jambo ambalo mimi nimeshindwa kwa miaka mingi. (Kicheko kidogo.)

Na chumba... Mama, usikae bado. Mnaijua ofisi yangu, iko ng'ambo ya ua huu huu. Ina zulia. Ina mapazia mazito, niliyaagiza mwenyewe ili nisionekane nimelala. Simu yake haijalia tangu niteuliwe. Katika utumishi wote huu hakuna mahali patulivu kama pale, kwa maana hakuna kazi inayofanyika. Kuanzia Jumatatu ni chumba cha watoto hawa. Mimi nitahamia meza ya karani, pale mlangoni, nijifunze watu huja kutafuta nini serikalini.

(Makofi. Mwenyekiti wa kamati ndogo: “Mheshimiwa, hilo lingepitia kwanza kwenye kikao...”)

Wewe ndiye uliyekuwa na mkasi mfukoni. Kaa.

(Mkaguzi: “Nataka kuiona.”)

Nenda na mama yako, uione. Sisi tutakungoja. Msije mkatoroka, mkaniacha na wapiga tarumbeta. Tupige kaulimbiu wakati wanakwenda, ila kwa kunong'ona, jamani. Usonji! (Wote, kwa kunong'ona: “Si ugonjwa!”) Kelele! (“Chini!”) Kamati! (Sauti moja, si ya kunong'ona: “Chini pia!”) Hiyo sikuitarajia, lakini naipokea.

Wanarudi. Haya, Mkaguzi, lete taarifa yako. Usinionee huruma.

(Mkaguzi, akitazama viatu vya Mheshimiwa: “Zulia zuri. Kuna harufu ya marashi, mbaya. Kiti chako kinalia. Kuna saa ya ukutani inagonga, tak, tak, tak. Ikitoka, Jumatatu nitakuja.”)

(Mama: “Amesema atakuja.”)

Nimesikia, mama. Binti yangu, saa hiyo itaondolewa haraka iwezekanavyo.

(Mkaguzi: “Hiyo ni lini?”)

Hiyo ni... utaratibu unataka kwanza...

(Mkaguzi: “Lini?”)

Sasa hivi. Ndugu wananchi, asanteni kwa kunisikiliza. Mwenye ngazi anifuate.