Vinyonga Watatu Kati ya Vioo Vinne

Jumatatu, 3 Machi
Kipara, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, kaleta kasuku. Kila apitaye anaambiwa "Karibu, mheshimiwa." Wateja wangu watatu wamevuka. Mmoja nilikwisha kumfunga shuka shingoni, kavuka nalo. Lazima nijibu mapigo. Mke wangu anasema nijibu kwa kunoa mashine. Hana jicho la biashara.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata kinyonga! Kanipa mtunza bustani wa hospitali. Nimemweka dirishani, kijani kama jani jipya. Watu wamejaa mlangoni. Mmoja akivuta watu kumi, watatu watavuta thelathini. Daktari wa wanyama, aliyekuja kupunguza nywele, akanionya: kinyonga hukaa peke yake, ukimwekea mwenzake anaona adui, anagoma kula. Nikamjibu umoja ni nguvu. Akasema methali hiyo haikutungwa na kinyonga. Nywele zake upande wa kushoto zimeingia ndani kidogo. Mkono uliteleza.

Jumatano, 5 Machi
Nimeongeza wawili. Sasa wako watatu, tundu moja. Madume mawili na jike. Amani ya dakika kumi. Kisha weusi kama masizi, wamevimba, midomo wazi, wanafoka. Mteja kitini akauliza kama inaambukiza. Nikamwambia wanafahamiana. Dume kubwa limeshika tawi la juu na kula panzi wote. Mke wangu akachungulia, akasema ni kama siku mama yake alipohamia kwetu: mama alihitaji chumba, mimi nikamtundikia pazia. Sijaona uhusiano.

Alhamisi, 6 Machi
Jike hali, hanywi. Macho kafumba mchana kweupe. Nimepiga magoti nikimshikia panzi mdomoni, mteja akisubiri na nusu kichwa. Nikamwita daktari. Kaja na nywele zilezile, huku fupi, kule ndefu. Kachukua jike na dume dogo. Hakusema hata mara moja kwamba alinionya. Hilo ndilo lililouma.

Ijumaa, 7 Machi
Amebaki mmoja, na bado mweusi! Nimempulizia maji, nimembembeleza, wapi. Aliyegundua ni mama mkwe, aliyeniletea chakula cha mchana. Akalizunguka tundu polepole, akanionyesha vioo vyangu vinne. Maskini, kila akigeuka anaona adui mpya.
"Mkwe wangu," akasema, "huyu anapigana na sura yake. Mpe ukuta."
Nimefunika vioo vyote kwa mashuka. Saa moja tu, kijani kimerudi. Raha iliyoje. Kisha nikamnyoa mwalimu mkuu bila kioo. Akavuka kwenda kwa Kipara kujitazama. Hakurudi. Kofia yake bado iko kwangu.

Jumapili, 9 Machi
Daktari kaleta habari: jike amekula panzi wawili. Machozi yamenitoka, nikasingizia poda. Nimeapa mbele yake, mbele ya mke wangu na mama mkwe: sitawaweka tena vinyonga pamoja, hata wakiniomba wenyewe. Mama mkwe kanishika mkono, akasema sasa nimekua.
Walipoondoka nikamtazama kinyonga wangu. Kijani, mnene, kimya mbele ya ukuta wake. Lakini yale macho. Moja linatazama kushoto, moja kulia. Anatafuta mtu.
Mpweke, basi.
Daktari alizungumzia vinyonga tu. Mijusi hakuwataja kabisa. Nimeagiza wanne.