Fenesi Mapajani kwa Chuma

Kahawa haijapoa, Kurban akatuingilia barazani petu Sokomuhogo na habari. Huyu ndiye tunayemwita Redio, maana hazimiki.

"Mmemsikia daktari redioni asubuhi? Mtoto akae nyuma, kwenye kiti chake, na mkanda. Kumpakata mbele basi!"

Mwenzetu Suud akacheka mpaka kofia ikamteleza. Ujanani alikuwa akinyanyua vyuma, na jina likamganda: Chuma.

"Mie kesho nnampeleka mjukuu wangu Hind pwani, Uroa. Mbele, mapajani kwangu. Mkanda wake ndio mikono hii!"

"Na Hamda kasemaje?" nikamuuliza. Hamda ni bintiye, mamake Hind.

Chuma akanywea. "Kasema nikimpakata mbele, mtoto hendi. Safari yetu ya kwanza, jamani! Wallahi jana sikulala."

"Ana haki," Redio akadakia. "Mbele kuna mfuko wa hewa. Gari ikigonga, unafutuka."

"Si hewa tu hiyo? Mtoto ataegemea, alale."

"Alale! Unatoka kwa kishindo, hata bismillahi hujaimaliza. Mtu mzima aliyefunga mkanda unamwokoa. Mtoto mdogo unamvunja shingo!"

"Utanishinda mie?"

Hapo akatokea Fayaz, mwenye gari ya kuwapeleka Uroa. Jina lake Polepole, kwa sababu hata gari za ng'ombe humpita. Alikuwa katoka sokoni Mwanakwerekwe, kabeba fenesi zima, na ubishi wetu kausikia.

"Mikono itasema," akamwambia Chuma. "Hili uzito wake ni Hind na viatu vyake. Lipakate tuone."

Tukaifuata gari ilipoegeshwa, tukajazana. Chuma tulimfunga mkanda kwa nguvu, fenesi kalikumbatia kama bibi harusi. Redio na mie nyuma, nasi tumefunga, mbavu hatuna. Tulipofika pahala peupe, hakuna mtu, Polepole akakanyaga breki.

Lo! Mkanda ukamdaka Chuma. Fenesi halikumsubiri mtu. Likachomoka mikononi, pwaa, likapasukia dashibodi. Ulimbo mpaka kwenye kioo, kokwa mpaka kwenye kanzu ya Redio.

Tulicheka mpaka tukalia.

"Na huyu ni Polepole!" Redio akapiga makofi. "Angekuwa dereva wa kweli je?"

Chuma peke yake hakucheka. Alikuwa kaikodolea macho mikono yake mitupu. Nikamwonea huruma.

"Jamani, ulimbo huu nani ataufuta?" Polepole akauliza.

Redio akasema ati kasikia adhana. Saa nne asubuhi! Nami nlikuwa nshafungua mlango nitoroke, Chuma akapiga simu, simu yenyewe sauti yake husikika mtaa mzima.

"Hamda, mwanangu. Nnakwenda kununua kiti cha mtoto. Hind atakaa nyuma, na mikanda yake yote."

"Alhamdulillahi, baba. Na wewe utakaa wapi?"

"Nyuma, ubavuni pake. Mbele nnaogopa."