Jinsi Kinyozi Alivyovuka Zulia

Jongeeni, enyi mlioshika padi za michezo na enyi mlioapa kutozigusa; tegeni masikio, niwasimulie jinsi Kinyozi, Simba wa Wembe, Mfyekaji wa Ndevu Elfu, alivyovuka zulia la sebule ya mama yake.

Sebule ile ilikuwa na runinga mbili na milki mbili. Dirishani alitawala Kinyozi, aliyenunua mchezo wake wa mpira kwa jasho la vichwa vya watu. Mlangoni alitawala mdogo wake, Mshonaji, aliyepakua bila kulipa nakala ya mchezo huohuo, yenye golikipa asiye na uso. Zamani walicheza pamoja kila Jumapili. Lakini Kinyozi alimwita mwizi mbele ya wageni, naye akajibiwa kuwa ni mtumwa wa risiti. Tangu hapo wakacheza wakipeana migongo, na mama yao akapita katikati na sinia la chai kama mjumbe asiyesikilizwa.

Ikawa Jumapili moja mtandao ukakatika. Mchezo wa Kinyozi, ambao haufunguki mpaka umuulize muuzaji wa mbali kama kweli ulilipiwa, ukagoma. Aliyelipa akafungiwa nje; kwa ambaye hakulipa, filimbi ikalia. Nani alikuwa na haki, mimi sisemi.

Shujaa akatazama kiduara cha kusubiri kikizunguka kwenye runinga yake. Nyuma yake Mshonaji akacheka peke yake, kicheko cha goli, na kicheko kile kikampenya kuliko mkuki. Akainuka. Akavuka.

“Kaka, huku ni kwa wezi,” Mshonaji akasema bila kugeuka. “Utachafuka.”

“Nimekuja kama mateka. Nipe padi.”

“Kwani padi imesamehewa?”

Kinyozi akavuta pumzi ya majemadari. “Mdogo wangu, neno lile nilikosea kulisema, tena mbele ya watu. Mchezo wako bado naukataa. Wewe sijakukataa.”

Mshonaji akamsukumia padi, ile yenye kitufe kinachonata.

Vita vikawaka. Kinyozi akafungwa, akafungwa tena, hata mama yao akaacha kuuliza matokeo. Lakini mwishoni, kwa ushupavu usiosimulika, akapata kona.

Saa hiyohiyo mtandao ukarudi. Kule dirishani mashine yake ikawaka, ikamkaribisha kwa jina lake kamili. Basi vizazi na vijue: shujaa hakugeuka. Alikuwa na kona ya kupiga.