Mota Kubwa Kuliko Zote Rulenge

Ndugu zangu, leo nimejichoresha. Saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wamejaa, na mimi nimevaa shati la Pasaka. Naandika nikiwa nimelala ubavu, maana kukaa hakuwezekani. Nawaeleza mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine. Najua video imeshafika Biharamulo.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Projesti, fundi baiskeli hapa Rulenge, karibu na soko. Kuna binti wa kijiji cha Mabawe anaitwa Sesilia. Nilimpokea kibandani kwangu akiwa hajui spana ya kumi na spana ya kumi na tatu zinatofautianaje. Nikamfundisha kuziba pancha, kukaza breki, kunyoosha rimu. Alikuwa ananiita fundi, na mimi nilikuwa nalipenda hilo jina kuliko nilivyowahi kukiri.

Kisha Warundi wakaanza tena kuvuka mpaka kwa makundi. Kwenye kituo cha kuwapokea likafunguliwa darasa la ufundi, na vijana wa vijiji vya jirani wakaruhusiwa kusoma pamoja na wakimbizi. Mwalimu wa umeme alikuwa mkimbizi mwenyewe, Mzee Gerevazi, ambaye kwao alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha chai. Sesilia akaniaga, akaenda kusoma. Nilimwambia anapoteza muda. (Nilitaka kwenda na mimi. Niliona aibu kukaa dawati moja na mwanafunzi wangu.)

Akarudi anafunga mota za umeme kwenye baiskeli. Ile mota inakaa katikati ya gurudumu la nyuma, pale kwenye habu, unaweka na betri kwenye fremu, basi, baiskeli inapanda mlima na gunia la ndizi wewe umekaa tu. Watu wakaanza kunipita. Mtu anasimama kwangu, anajaza upepo, anauliza, "Sesilia siku hizi yuko wapi?" Mke wangu naye, Mama Edita, siku moja anamenya ndizi akasema yule binti ana mikono yenye baraka. Chakula kilinishinda siku hiyo.

Ndipo nikauza mbuzi wangu wawili nikapanda gari mpaka Kahama kutafuta mota. Muuzaji alikuwa nazo za aina mbili. Akataka kunieleza tofauti. Mimi nilimkatiza, nikamuuliza swali moja tu: ipi ni kubwa? Akanionyesha moja pana kama sufuria la shughuli. Nikaichukua. Ya Sesilia ni ndogo, inaenea kwenye viganja viwili. Nikarudi Rulenge nikawa namwambia kila mtu kwamba binti amefunga kikopo cha mafuta ya kujipaka.

Sasa shirika moja linalohudumia wakimbizi likatangaza kwamba linatafuta fundi wa kufunga mota kwenye baiskeli za wahudumu wa afya, wale wanaopeleka dawa kituoni na vijijini. Kila fundi aje na baiskeli yake, apande kilima cha misheni na gunia la maharage nyuma, watu waone mota ipi inafaa. Kazi ya mwaka mzima. Tuliojiandikisha tukawa wawili. Mnajua ni nani na nani.

Siku yenyewe ndiyo leo.

Alfajiri nilikuwa nimetulia kabisa. Baiskeli yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri, naapa. Kama ningekunywa chai na kwenda, nisingekuwa naandika haya. Lakini nilipotoka kwenda kisimani nikamkuta Sesilia anajaribu baiskeli yake kwenye kile kimwinuko cha kwa katekista. Alikuwa amefunga ndoo mbili za maji nyuma. Mota inaunguruma kama nyuki walio ndani ya mtungi, polepole, bila kuhangaika, na yeye anasalimia watu njiani kama askofu.

"Shikamoo, fundi," akasema akinipita.

"Marahaba."

Nilijibu, lakini moyoni kulikuwa kunawaka. Kinachouma si kwamba alipanda. Kinachouma ni kwamba alipanda akitabasamu.

Nikarudi nyumbani bila maji. Kule Kahama yule muuzaji alinipa pia kontrola kubwa zaidi, kile kisanduku kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota. Nilikuwa nimeiweka akiba. Nikaamua kuibadilisha pale pale. Mama Edita akaniambia mtu habadilishi kitu asubuhi ya mashindano. Nikamwambia amenye ndizi.

Kontrola mpya ina waya mbili nyembamba nyeupe. Ukiziunganisha, mota inazunguka yenyewe ili kontrola ijifunze upande wa kuizungusha, kisha unaziachanisha. Kama imejifunza kuzunguka kinyume, unaziunganisha tena, inageuka. Haya yote yameandikwa kwenye karatasi yake. Karatasi niliisoma nusu. (Nusu ya kwanza.)

Nikapindua baiskeli, tandiko na usukani chini, magurudumu juu. Nikaunganisha waya. Gurudumu likazunguka. Nikaangalia pale juu, nikaona linakimbilia mbele, upande wa usukani. Nikasema safi. Nikaachanisha waya, nikageuza baiskeli, nikavaa shati la Pasaka.

Mnaojua baiskeli mmeshaanza kushika vichwa. Msiojua, subirini kidogo.

Chini ya kilima cha misheni nilikuta watu wengi kuliko misa ya Jumapili. Wanafunzi walikuwa mapumzikoni. Akina mama wanaouza sokoni walikuwa wamepanga bidhaa zao kando ya barabara. Afisa wa shirika, Bwana Hamisi, alikuwa amesimama na daftari, na pembeni yake Mzee Gerevazi, amealikwa kama mtaalamu. Niliwapa mikono wote. Nikazungumza kwa sauti kuhusu ukubwa wa mota. Mwanafunzi mmoja akauliza kama ile ni mota au ngoma. Nikamwambia ataona.

Sesilia akaanza. Gunia nyuma, akakaa, akaondoka. Hakuondoka kwa kishindo. Alienda mwendo ule ule wa asubuhi, mwendo wa mtu anayejua atafika. Pale kwenye kona kali ambapo hata pikipiki hubadilisha gia, mota yake iliunguruma kidogo tu ikaendelea. Akafika juu, akageuza, akarudi, gunia bado limefungwa vile vile. Bwana Hamisi akaweka kiganja kwenye ile mota kupima joto. Akaandika. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, mara tatu, kavu.

Zamu yangu. Nikafunga gunia. Sesilia akasogea, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameona kontrola ni mpya, je, nimeijaribu magurudumu yakiwa chini, nikiwa nimeipanda baiskeli?

"Sesilia," nikamwambia, tena kwa sauti ya watu wote kusikia, "mimi nilikuwa nafunga magurudumu wewe ukiwa unajifunza kutembea."

Akarudi nyuma.

Nikakaa. Nikaangalia kilele cha kilima. Nilikuwa nimepanga kuondoka kwa kasi ambayo Rulenge haijaiona, ili watu wasahau kabisa kilichotangulia. Nikazungusha mpini wa mafuta (tunauita hivyo, japo mafuta hayapo) mpaka mwisho.

Baiskeli ikaondoka kwa kasi ambayo Rulenge haijaiona. Ikaondoka kinyumenyume.

Ndugu zangu, mtu akirudishwa nyuma ghafla, mikono yake hufanya kitu kimoja, hushika kwa nguvu. Na mimi nilichoshika ni mpini wa mafuta. Kadiri nilivyoogopa ndivyo ilivyokimbia. Pedali nazo zikawa zinazunguka kinyume na miguu yangu juu yake, kwa hiyo aliyenitazama kwa mbele aliona mtu anayeukimbia mlima kwa juhudi zake zote. Nilimsikia Mzee Gerevazi anasema "Buhoro, buhoro", yaani polepole, na kwa sisi Wahangaza, ambao lugha yetu ni ndugu na Kirundi, hilo halihitaji mkalimani. Nilielewa vizuri sana. Kutekeleza ndiko kulikonishinda.

Wanafunzi wakafungua njia. Mama Yusta, mmoja wa wale wa sokoni, hakuwahi kuhamisha beseni lake.

Beseni lilikuwa la mihogo iliyolowekwa siku nne. Baiskeli iligonga jiwe ikaanguka na gunia lake, mimi nikaendelea peke yangu, nikakaa. Lile beseni lilikuwa kipimo changu kamili. Nilipojaribu kusimama, likasimama na mimi. Maji ya mihogo, harufu yenyewe mnaijua, yakaingia mpaka kwenye soksi. Watu wote wakanyoosha shingo kunitazama. Nadhani walikuwa wanasubiri kuona kama mimi ni mzima ili wacheke bila dhambi.

Nikakohoa. Wakacheka.

Aliyefika wa kwanza ni Sesilia. Alinishika mkono, Mama Yusta akalivuta beseni kwa nyuma, nikachomoka. Sesilia akaniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana (uongo). Hakucheka. Ningependa angecheka, ningepata sababu ya kumchukia. Akainua baiskeli, akaitazama, akaniuliza karibu na sikio, "Uliipindua, ukaangalia juu ya gurudumu?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ikipinduliwa, juu inakuwa chini, fundi. Inatakiwa ikimbilie nyuma."

Akaunganisha zile waya mbili nyeupe, gurudumu likazunguka upande mwingine, akaziachanisha. Muda wote huo hata kumenya ndizi moja ungekuwa hujamaliza. Kisha akamwambia Bwana Hamisi kwamba ilikuwa hitilafu ya waya, fundi apewe nafasi ya pili. Hitilafu ya waya. Hakusema hitilafu ya fundi.

Nikapanda tena, nimelowa, nanuka. Safari hii nikazungusha taratibu. Ikaenda mbele. Na pale chini, kwenye sehemu tambarare, ilikwenda, jamani, kimya kimya kama mshale, upepo unanikausha, na kwa sekunde chache nilikuwa mtu ninayejifikiria kuwa. Nikasikia watu wanaguna kwa mshangao.

Mlima ulipoanza, mwendo ukapungua. Kwenye kona kali ukapungua zaidi. Nikazungusha mpini mpaka mwisho, mota ikatetemeka, kisha nikasikia harufu nyingine ikishindana na ile ya mihogo, harufu ya kitu kinachoungua. Baiskeli ikasimama. Nikashuka, nikasukuma gunia la maharage la watu mpaka juu kwa miguu yangu, maana kuliacha ingekuwa aibu ya tatu.

Mzee Gerevazi alinifuata hadi juu polepole. Akanieleza bila kejeli. Mota yangu haina gia ndani. Ni ya barabara ndefu iliyonyooka, na kwenye tambarare, ile ya Sesilia haiwezi kuikaribia. Lakini gurudumu likizunguka polepole mlimani, inakula umeme na kuugeuza joto. Ile ndogo ina gia ndani, yenyewe inazunguka haraka hata gurudumu likienda taratibu, kwa hiyo inavuta bila kuungua. Akasema mota yangu ni nzuri sana, ila imezaliwa mahali pasipo na milima. Yule muuzaji wa Kahama ndicho alichotaka kuniambia. Nilimkatiza.

Tuliporudi chini, kazi akapewa Sesilia. Bwana Hamisi akasoma jina, akampa mkono. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mti ili upepo usinipeleke kwa watu. Kisha afisa akainama kwenye gurudumu la Sesilia, akalizungusha, akasema hajaona gurudumu lililosukwa spoku likanyooka namna ile, hata mjini. Akauliza nani amelisuka.

Sesilia akaninyooshea mkono. "Fundi wangu yule pale."

Ni kweli. Mwezi uliopita aliniletea habu, rimu na spoku, akaniomba nimsukie. Nilikuwa na wivu wa kunitoa machozi. Niliwaza kulipinda kidogo tu, hata milimita chache, limsumbue njiani. Mikono ikakataa. Nilijaribu, ndugu zangu, ikakataa, ikasuka gurudumu zuri kuliko yote niliyowahi kusuka, nikamkabidhi bila kumtazama usoni. Kwa hiyo gurudumu lililonishinda leo ni la kwangu mwenyewe, na nililifanyia kazi nzuri.

Bwana Hamisi akasema baiskeli za wahudumu ni nyingi, magurudumu ya kusuka ni mengi, kwa hiyo Sesilia achague msaidizi. Watu wote wakanigeukia. Sesilia akasema kama fundi hataona vibaya, angeomba niwe mimi.

Niliona vibaya. Niliona vibaya sana. Nikasema nitakuja.

Mama Edita amenipokea mlangoni, amenizuia kuingia mpaka nioge mara mbili, na akiwa ananimwagia maji mgongoni amesema tena ile habari ya mikono yenye baraka. Safari hii sikujua anasema mikono ya nani, na sikuuliza.

Siwadanganyi kwamba wivu umeisha. Nikifumba macho bado naona lile tabasamu la kwenye mwinuko. Kesho saa mbili asubuhi nitaripoti kwake, na nimeshajizoeza mbele ya kioo kusema "bosi" bila kung'ata meno. Wenye kucheka malizeni leo, na wewe uliyerusha video nakuomba jambo moja: ukate pale beseni linaposimama na mimi, maana mama mkwe wangu ana simu.